Mlango wa Wafuga Nyuki

Mtazame kwanza anavyokuja. Ni Jumamosi, alasiri imeshaswaliwa, na bodaboda imesimama Miburani, penye njia ya kwendea kisima cha zamani. Anashuka mtu mrefu, mwembamba, taratibu, kama aliyebeba mayai. Kumbe amebeba kuku. Kanzu imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Kuku, tetea mwekundu, amebanwa kwapani na anageuza shingo huku na huku, utadhani yeye ndiye mwenye safari na huyu mtu ni msindikizaji tu. Akiulizwa, "Mzee, wapi leo?" anajibu, "Nampeleka kuku." Akiulizwa kwa nani, anajibu, "Kwa mwenyewe," na mwendo anauongeza.

Huyo ndiye Shamte, mfua nazi wa Baleni. Na kabla hajafika anakokwenda, tuelewane kwanza habari ya kuku.

Kwetu Mafia huwezi kupita mbele ya baraza za watu mikono mitupu ukafika mbali. Utaulizwa unatoka wapi, unakwenda wapi, nani mgonjwa, na kama hakuna mgonjwa, basi kuna nini. Si ubaya, ni kujaliana. Lakini mwenye kuku ana jibu lake kwapani. Watu wakishamwona kuku wanatosheka, wanarudi kwenye mazungumzo yao. Ndiyo maana Shamte alimchukua tetea wa mkewe, Mwanasiti, bila kumwambia. Alikuwa anatafuta kikao cha watu wanaoacha pombe, na hakutaka baraza yoyote ilijue hilo.

Ukweli ni kwamba baraza zote zilijua kwamba anakunywa. Kazi ya kufua nazi ni ya kusimama chini ya minazi kutwa nzima, unaikita nazi kwenye ncha ya kifuo kilichosimikwa chini, unabandua kumbi, unachukua nyingine. Na juu ya minazi ileile alikuwako Kheri, mgema. Kheri hakuwahi kumshawishi mtu. Alikuwa anashuka na kibuyu chake cha tembo, na Shamte alikuwa chini. Basi. Akishakunywa alitafuna karafuu, kisha akarudi nyumbani akitembea kwa adabu kubwa. Alidhani karafuu inaficha. Kumbe kijiji kizima kilikwisha kujua kwamba siku Shamte ananukia karafuu, usimpe chungu akushikie. Siri yake ilikuwa siri kwake peke yake.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo, lau binti yake Nusra asingeposwa na kijana mmoja wa Kilindoni, Sabri, mtoto wa watu wacha Mungu. Nikaha ikawekwa baada ya maulidi. Hapo Shehe Luqmani, ambaye ndiye angefungisha ndoa, akamwita Shamte.

"Shamte," akamwambia, "madhehebu yetu unayajua. Walii, yule anayemwozesha binti, asiwe fasiki. Na watu wa Kilindoni wameniuliza habari zako."

"Nimeshatubu, shehe."

"Najua. Umetubu mbele yangu kuliko mtu yeyote katika kisiwa hiki. Mara ya mwisho ulitubu baada ya alfajiri, na kabla ya adhuhuri tukakukuta ndani ya ngalawa ya watu unapiga kasia, na ngalawa iko nchi kavu juu ya magogo."

Shamte akatazama mkeka.

"Ukaniuliza kama tumeshafika Bwejuu," shehe akaongeza, bila kucheka. "Sasa sikiliza. Toba ni yako na Mola wako, siingilii. Mimi nataka watu wawili wa kuaminika waje waniambie kwamba umeacha, na kwamba wanalijua wanalolisema. Wasipopatikana, mdogo wako atakaa mahali pako."

Mdogo wake ni Ukasha. Ukasha ni mtu mwema, hilo tusimnyime, lakini wema wake hupenda kuonekana. Habari ilipomfikia tu alikwenda kushonesha kanzu mpya. Halafu akaanza kufanya mazoezi nyuma ya nyumba, kwa sauti ya kupanda minbari: "Nimekuozesha Nusra binti Shamte!" Aliyekuwa akiozeshwa ni beberu aliyefungwa kwenye mpapai, na kwa jinsi mazoezi yalivyokolea, beberu yule alishakuwa mume halali mara nyingi kupita kiasi.

Shamte aliyasikia yote akiwa uani kwake. Nusra naye aliyasikia. Akaja kuketi karibu na baba yake, akachukua ungo wa mchele aliokuwa anachagua, akasema bila kuinua macho:

"Baba mdogo ana sauti nzuri."

"Anayo."

"Lakini si baba yangu. Mimi nataka uniozeshe wewe." Akatupa chuya pembeni. "Wewe bila karafuu."

Hilo neno lilimwingia Shamte kuliko hotuba zote za shehe. Kesho yake akaenda zahanati kumwona nesi Zubeda.

"Nina rafiki yangu," akaanza.

"Ehe."

"Ana tatizo la kinywaji."

"Rafiki yako anakunywa kiasi gani, Mzee Shamte?"

Shamte akafikiri kwa uaminifu. "Tunakunywa sawasawa."

Zubeda hakucheka. Aliinuka akafunga mlango, akamwambia kwamba wako watu wanaokutana kila Jumamosi baada ya alasiri kusaidiana kuacha, huko Miburani, nyumba yenye mlango wa kijani, ukishapita kisima. "Usiulize mtu, maana hata majirani hawajui. Kwa majirani wale ni kikundi cha wafuga nyuki. Utaona viatu mlangoni. Ingia, ukae. Kila mtu hutaja jina lake na kusema lililomleta. Hakuna atakayekucheka, na hakuna atakayekutaja nje."

"Nitamwambia rafiki yangu," Shamte akasema.

Basi ndiyo hiyo Jumamosi, na ndiyo hiyo kanzu, na ndiye huyo kuku. Shamte alipita kisima, akasimama. Mlango wa kijani aliuona. Akaona na wa pili. Akaona na wa tatu. Mtaa ule uliwahi kupata bahati: fundi mmoja alikuwa anapaka boti ya wageni, rangi ikabaki, kopo likazunguka nyumba hadi nyumba mpaka likakauka. Angeuliza, lakini ameambiwa asiulize. Kwa hiyo akatafuta viatu. Nyumba mbili hazikuwa na kiatu hata kimoja. Ya kwanza ilikuwa na viatu vimejaa mpaka kwenye ngazi.

"Masikini," akajisemea, "kumbe tuko wengi."

Akapiga hodi, akakaribishwa. Ndani wazee wamekaa mkekani pande mbili, wanatazamana, kahawa inazunguka. Mama mmoja akatokea, akampokea kuku kwa mikono miwili, akasema, "Ahsanteni sana, mmetuheshimu," na kabla Shamte hajapata neno, kuku ameshaingia uani. Sauti yake ilisikika mara moja. Haikusikika tena.

Shamte akaketi karibu na mlango, katikati ya pande mbili. Na hapo ndipo lilipotendeka kosa, wala halikuwa lake peke yake. Ile ilikuwa posa. Upande mmoja wamekaa watu wa kijana, upande wa pili watu wa binti. Watu wa kijana walipomwona wakasema moyoni, huyu ni mzee wa upande wa binti, amechelewa. Watu wa binti wakasema, huyu ni mzee wa upande wa kijana, amekuja na kuku, wana adabu watu hawa. Na kumwuliza mgeni aliyekwisha kuketi "wewe ni wa nani?" ni jambo gani? Hilo halifanywi. Akapewa kahawa. Akapewa na kashata.

Mshenga, yaani msemaji wa upande wa kijana, akajisafisha koo. "Wenyeji wetu, kabla ya neno letu, ni vizuri wazee tujuane. Kila mmoja ataje jina lake, na lililomleta."

Shamte akatikisa kichwa. Ni vilevile alivyoambiwa na nesi.

Wakaanza. Wa kwanza alikuwa Bwana Muhsin, mwenye duka kubwa la vifaa vya uvuvi, mtu wa ndevu nyeupe ambaye watu wakigombea mpaka wa shamba humwita yeye aseme. Akasema yeye ni Muhsin, ameletwa na habari za mpwa wake, kijana amekuwa mtu mzima sasa na haifai kumwacha vile alivyo. Shamte akamwonea huruma mpwa yule, mdogo vile na ameshaanza kunywa. Wengine waliosema hakuwasikia. Alikuwa anayapanga maneno yake moyoni na kuyapangua, mpaka akashtukia macho yote yako kwake.

"Assalaam alaykum," akasema. "Mimi naitwa Shamte, mfua nazi, natoka Baleni. Mimi ni mlevi."

Kikombe kimoja kilitua kwenye sahani. Bwana Muhsin alipaliwa na kahawa.

"Nimekunywa tembo miaka mingi," Shamte akaendelea, na kwa kuwa mlango umeshafunguka hakuweza tena kuufunga. "Nilikuwa natafuna karafuu nikidhani sijulikani. Mke wangu ananifungulia mlango, hanisemi, ananiwekea maji ya kunawa. Bora angenisema. Sasa binti yangu anaolewa, na mimi sifai kumwozesha. Nimekuja mnisaidie niache."

Hakuna aliyecheka. Shamte akashusha pumzi, akaona Zubeda hakusema uongo. Kumbe wale wazee walikuwa kila mtu na hesabu yake. Mshenga alimwinamia jirani yake: "Unaona? Watu wa binti wametutolea doa lao mapema. Wengine huficha mpaka arusi ipite." Na babu wa binti, upande wa pili, naye amemwinamia wake: "Wamekuja kuposa na mlevi wao, wakamwacha ajiseme mwenyewe. Hawa hawatatuficha kitu."

"Wazee," mshenga akasema kwa sauti, "ukweli kama huu ni nadra. Nasi tunaushukuru."

"Sisi ndio tunashukuru," babu akajibu.

"Hapana, sisi."

Wakashukuriana hivyo kwa muda, kila upande ukiona aibu kutaja unachoshukuria. Na mioyo ilivyokuwa imelainika, posa ambayo ingechukua vikao vitatu ikakubaliwa palepale, ikasomwa fatiha. Shamte alinyanyua mikono akaomba kwa unyenyekevu, akidhani anaombewa yeye.

Alipoipangusa mikono usoni akahisi anavutwa mkono wa kanzu. Ni Bwana Muhsin. "Njoo mara moja nje."

Wakatoka. Bwana Muhsin akatazama njia, huku na huku.

"Bwana, umeingia posa ya mpwa wangu."

Shamte akafikiri. "Na huyo kijana anayekunywa?"

"Hanywi, anaoa. Kikao ni mlango ule wa tatu."

"Mbona hauna viatu?"

"Tumeviingiza ndani. Kiatu cha mtu hapa kinajulikana kama uso wake. Wiki ile jirani mmoja alivitambua vyangu."

"Tumeviingiza?" Shamte akauliza. "Tumeviingiza nyinyi na nani?"

Bwana Muhsin akazichezea ndevu zake. "Leo sikwenda kwa sababu ya posa," akasema polepole. "Twende, watakuwa hawajamaliza."

"Na kuku wangu?"

"Kuku mwachie Mungu."

Jioni ile Mwanasiti alikuwa mlangoni. "Baba Nusra, tetea wangu yuko wapi?"

"Amekwenda kwenye posa."

Mwanasiti akamsogelea, akanusa. Hakuna karafuu. Akanusa tena, upande wa pili. Hakuna tembo. "Posa ya nani?"

"Simjui."

Akamsimulia yote, toka bodaboda mpaka fatiha. Mwanasiti alianza kwa kukunja uso, akaja akashika mwimo wa mlango, mwishowe akaketi chini kabisa akicheka huku machozi yanamtoka. Alipotulia akasema, "Sasa mbele ya watu umesema kwamba nakuwekea maji ya kunawa?"

"Nimesema."

"Basi nilidhani huyaoni." Akainuka akaenda kuyaweka.

Kikao chenyewe sikuelezi sana, maana hayo ni ya watu. Nitakwambia la nyuki tu, kwa sababu hilo limekwisha kujulikana. Mwanzoni walisema tu kwamba wanafuga nyuki. Lakini majirani ni majirani: wakaanza kuagiza asali. Huyu ana mtoto mwenye kifua, yule ana mgeni. Kila Jumamosi watu wanapita, "Asali bado?" Ikabidi watundike mzinga nyuma ya nyumba, na wale nyuki, ambao hakuna aliyewaita, wakaja. Sasa ikawa kila mwanakikundi ana zamu ya kuukagua. Mmoja wao alikwenda zamu yake akiwa ameonja kidogo, akatafuna karafuu nyingi kabla ya kusogea. Alirudi uso umekuwa kama boga. Tangu siku ile likawa neno lao: nyuki hawadanganyiki kwa karafuu. Shamte alipopewa zamu yake ya kwanza alikwenda mkavu kama ukuni, na akarudi mzima, akawa anatembea mtaani akiuonyesha uso wake kama cheti.

Chini ya minazi hakuhama, kwa sababu kazi ni ileile. Kheri akishuka na kibuyu, Shamte alikuwa anaongeza sauti ya kufua. Siku za mwanzo nazi zilimponyoka zikaruka pembeni, na alikuwa mkali kwa kila kitu, hata kwa kumbi. Jioni moja alikwenda mpaka shina la mnazi wa Kheri, akasimama, akaushika kwa kiganja, kisha akageuka akaenda Miburani kwa miguu ingawa haikuwa Jumamosi. Bwana Muhsin alikuwa anafunga duka. Akalifungua tena, akamkalisha kwenye rundo la nyavu, wakaongea habari za mizinga mpaka kile kilichomshika kikamwachia.

Maulidi yakapita. Ijumaa ya kabla ya nikaha, baada ya sala, Shehe Luqmani aliwaomba watu wachache wabaki. Walibaki wazee wa Baleni, na wageni wawili wa Kilindoni, ami zake Sabri. Ukasha alikuwa safu ya pili na kanzu yake mpya. Bwana Muhsin, ambaye siku hiyo alikuja kuswali Baleni, alikuwa safu ya mbele.

"Shamte," shehe akasema, "nilikupa neno. Mashahidi wako?"

Sauti ikatoka mlangoni. "Niko mimi, shehe." Alikuwa Kheri, mgema. Hakuingia. "Nitasemea hapa hapa, miguu yangu haifai. Namshuhudia Shamte. Hajagusa tembo langu tangu msimu wa maembe. Nimemshushia kibuyu mpaka puani, shehe, nikijaribu, na hakugusa. Kama kuna mtu ameumia kwa toba ya Shamte, ni mimi."

Watu wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Shehe mwenyewe alijifuta mdomo.

"Kheri, nakuamini," akasema. "Pengine nakuamini kuliko wote waliomo humu. Lakini nitaandikaje kwamba toba ya mlevi imeshuhudiwa na mgema wake peke yake?"

"Hata mimi niliona itakuwa tabu," Kheri akasema, akaenda zake.

"Wako wengine, Shamte?"

"Wapo, shehe."

"Wanakujua?"

"Wananijua kuliko ndugu zangu."

"Wataje basi."

Shamte akafungua mdomo. Mbele yake, pale pale, ule mgongo mpana wa Bwana Muhsin. Neno moja tu lingetosha. Akaufunga.

"Siwezi kuwataja."

"Kaka," Ukasha akasema kwa upole, na upole ndio ulioumiza, "huwezi kwa sababu hawapo. Si aibu. Mimi nitamshika mtoto huyu kama wangu."

"Nimeahidi, shehe," Shamte akasema. "Watu hao tumeahidiana. Nikiwataja ili nikae mahali pangu, nitakuwa nimekaa juu ya migongo yao." Akainua macho akaitazama feni inayozunguka, akaing'ang'ania kwa macho, ili asije akamtazama mtu.

Ami mmoja wa Kilindoni akamnong'oneza mwenzake. Shehe akasubiri, kisha akasema, "Nitauliza mara ya mwisho, siulizi tena. Yupo wa pili, baada ya Kheri, mwenye kumshuhudia mtu huyu?"

Bwana Muhsin akaweka kiganja mkekani, namna ya mtu anayetaka kuinuka, au namna ya mzee anayeumwa goti. Akiinuka, ataulizwa amejuaje. Na akijibu, kabla ya alasiri Miburani nzima itakuwa imejua asali ile inatoka kwa watu gani. Watajua na wale walioikubali posa ya mpwa wake, na wanaomwita kupima mipaka yao, na itajulikana nyumba ile yenye mlango wa kijani na wote wanaoingia humo viatu mkononi. Asipoinuka, Ukasha ameshajisafisha koo.

Sasa wewe, ndugu yangu uliyenisikiliza mpaka hapa, kaa safu ya mbele ubavuni mwa Bwana Muhsin, na tuseme unayajua yote anayoyajua yeye: ungeinuka?